Kovu Lililopiga Kelele

Baba Mapacha alikuwa na kovu kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na kovu hilo ndilo lililompatia mke. Hakusingiziwa. Mama Mapacha mwenyewe husema hadharani kwamba wanaume waliomtaka walikuwa wengi, wenye sura na wenye suti, lakini huyu mchomeleaji alipokunja shati na kumsimulia jinsi mpira wa mtungi wa gesi ulivyoshika moto karakanani, na yeye akaung'oa kwa mkono mtupu ili kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake asiungue, basi akawa hana ujanja tena. "Nikasema huyu ndiye. Mwanaume wa kuingia motoni."

Hadithi tamu. Ubaya wake ni kwamba haikutokea.

Kilichotokea ni pasi. Pasi ya umeme, ya kunyooshea nguo. Kabla hajamjua Mama Mapacha alikuwa na mpenzi aliyemwita Kidosho, na kwa kutaka dunia nzima ijue akaenda kuchorwa tatuu, KIDOSHO MILELE, herufi kubwa kama za bango la duka. Milele hiyo haikumaliza hata msimu wa mvua. Kidosho akaondoka na mpiga gitaa. Naye kwa hasira, na chupa kadhaa kichwani, akachomeka pasi, akangoja ipate moto, kisha akajinyoosha mkono kama anavyonyoosha kola. Yowe alilopiga liliwatoa majirani na marungu, wakidhani ni wezi. Ngozi ilipopona, herufi hazikuonekana tena. Akamshukuru Mungu, akatunga mtungi wa gesi.

Kwa miaka yote ya ndoa mtungi ule ulizidi kukua. Mwanzoni ulikuwa mdogo, wa jikoni. Mapacha walipoanza shule ulikuwa umefika kiunoni kwa mtu mzima, na walipomaliza mitungi ilikuwa mitatu, na kijana aliyeokolewa amekuwa vijana wawili.

Sasa, Mama Mapacha ana mdogo wake wa kike, msomi wa ukoo. Alisoma fizikia mpaka vitabu vikamchoka yeye. Anafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, na huko alikuwa ametengeneza mashine ya kupiga picha ndani ya mwili wa mtu bila kumpasua. Hodhi la mashine hiyo, la maji ya kutumbukiza mkono, la chuma kisichoshika kutu, alilichomelea Baba Mapacha mwenyewe. Kwa hiyo msomi alipokuja kula nyumbani kwao, mazungumzo yalikuwa hayo hayo.

"Shemeji, wewe ukipiga chuma nyundo kinalia, sivyo?" alisema msomi. "Mimi napiga kwa mwanga. Damu inakunywa ule mwanga, inapata joto kidogo, inatutumka, na kule kututumka kunatoa mlio. Sikio la mtu halisikii. Mashine yangu inasikia, halafu inachora kila mshipa pale ulipo."

"Kwa hiyo mwanga ndio unaopiga kelele?"

"Damu ndiyo inayopiga kelele. Mwanga unaichokoza tu."

"Aa, kama mimi na dada yako," akasema Baba Mapacha, na upawa wa mkewe ukamtua begani.

Lakini siku hiyo msomi hakuwa na uso wa utani. Chumba chake cha mashine kilikuwa kinataka kuchukuliwa. Kulikuwa na mtafiti mwingine pale, watu wanamwita Bwana Panya, ambaye panya wake walikuwa wamezaana mpaka hawana pa kulala, na alikuwa amekwisha kuja mara mbili kupima madirisha. Kamati ingeketi kuangalia mashine inafanya kazi au haifanyi. Ikifanya, chumba kinabaki. Isipofanya, mashine inavunjwa na kuwekwa stoo, panya wanahamia.

"Miaka sita ya maisha yangu," alisema. "Nataka kuwaonyesha jambo ambalo jicho la daktari haliwezi. Mtu akiungua, kovu linafunika kila kitu. Daktari hajui kama chini yake mishipa ya damu imerudi au haijarudi. Mimi naweza kumwonyesha. Kwa hiyo nataka kovu, shemeji. Na kovu zuri kuliko lako silijui."

Baba Mapacha akavimba kichwa. Akakunja shati palepale. "Chukua. Mkono huu umeingia motoni kwa ajili ya watoto wa watu, hautashindwa kuingia kwenye maji kwa ajili yako."

"Na mimi nakuja," akasema Mama Mapacha. "Kiti cha mbele."

"Tena hakifichiki kitu," msomi akaendelea, sasa amechangamka. "Juzi tulimjaribu mlinzi wa getini. Kumbe ujanani alichora tatuu ya timu yake ya mpira, akaja kuifuta alipohamia timu nyingine. Kwa macho huoni chochote. Ila wino hauishi wote, unabaki chini, na wino unakunywa mwanga kuliko hata damu! Nembo yote ikatokea kwenye skrini. Sasa hafungui geti bila kuzomewa."

Mama Mapacha alicheka mpaka akafuta machozi. Mumewe tonge lilimkwama kooni.

"Shemeji," alisema alipopata pumzi, "kwani huu wa kulia una ubaya gani?"

"Huo hauna kovu."

"Kuna jamaa yangu karakanani ana kovu la paja, ukiliona utalipenda."

"Paja litaingiaje kwenye hodhi? Si ulilipima mwenyewe, la mkono?"

Tangu hapo Baba Mapacha akawa mtu wa kukalia kuti kavu. Akisema anaumwa, mkewe atamkanda mpaka apone kwa lazima. Akikataa, ataulizwa sababu, na shemeji yake atapoteza chumba. Na shemeji huyu alikuwa anampenda kweli, tangu akiwa msichana wa kumwomba amfungie tairi la baiskeli. Akikubali, Kidosho atafufuka mbele ya watu wazima wenye miwani, na mwanamke aliyeolewa na mtungi wa gesi atagundua kaolewa na pasi.

Akafikiri. Si mtu wa kufikiri sana, ila akishikwa pabaya huwa anajaribu. Mashine inatumia mwanga. Mwanga ukizuiwa hauoni. Dirisha unaliziba kwa pazia, na pazia jeusi ndilo zuri kuliko yote. Basi! Akanunua kopo la rangi ya viatu, nyeusi, akalitia mfukoni. Rangi ya viatu ina nta, haitoki majini, na kwenye mkono mweusi nani ataiona? Mashine itaona mishipa ya pembeni, kwenye kovu itaona giza, watu watasema kovu ni gumu, kwisha habari. Aliona akili yake imekomaa.

Siku ikafika. Chumba kilikuwa kidogo, mapazia yameshushwa, nyaya zimetambaa sakafuni kama mizizi, na katikati hodhi lake limejaa maji ya uvuguvugu. Wanakamati walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja amevaa miwani ya rangi ya chungwa ya kukinga macho. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mfupi, daktari wa upasuaji, asiyecheka ovyo. Bwana Panya alikaa karibu na dirisha, akilitazama kama mtu anayetazama kiwanja chake. Mama Mapacha alikuwa mbele, amevaa nguo ya sherehe, anamweleza jirani yake habari za mitungi mitatu.

Msomi akamsafisha shemeji yake mkono kwa spiriti. "Usiguse kitu chochote sasa."

"Ngoja niende msalani mara moja."

"Sasa hivi?"

"Woga, shemeji. Unajua tena."

Alirudi amekunjua mkono wa shati, akaupandisha kwenye giza giza la chumba, akautumbukiza mkono majini haraka kama mwizi anayeficha kuku.

Mashine ikaanza. Tik, tik, tik, tik. Watu wote wakageukia skrini kubwa ukutani. Na kwenye skrini ukatokea mng'ao mweupe, kama jua limeangukia humo ndani. Hakukuwa na mshipa wala ngozi. Weupe mtupu.

Msomi akabonyeza kitu, akaanza upya. Jua likarudi. Akapunguza nguvu ya mwanga. Jua.

"Tumeona," alisema Bwana Panya kwa upole wa kuudhi. "Ni taa nzuri sana."

"Jana ilikuwa nzima," msomi akasema. Akachungulia waya, akagonga kisanduku, akafungua kifuniko akakifunga. "Jana tu ilikuwa nzima, naapa."

"Vifaa ndivyo vilivyo. Panya wangu, wewe, hawana waya hata mmoja. Hili dirisha linafunguka kwa nje au kwa ndani?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Mwanangu, tunaweza kuja siku nyingine, lakini uamuzi wa chumba ni leo."

Baba Mapacha alimwona shemeji yake anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alianza kukunja waya, mmoja mmoja, vizuri, kwa adabu. Hilo ndilo lililomshinda Baba Mapacha.

"Shemeji," alisema. "Usikunje."

"Basi tena, shemeji. Toa mkono, utaota ukungu."

"Nimejipaka."

"Umejipaka nini?"

"Rangi ya viatu."

"Nyeusi?" akauliza msomi.

"Sasa mkono huu ningeupaka nyekundu?"

Mtu akacheka huko nyuma. Msomi alikuwa ameshika kichwa. "Nilikuwa nataka kuziba mwanga," Baba Mapacha akajitetea. "Kama pazia."

"Shemeji! Cheusi ndicho kinachokunywa mwanga kuliko vyote! Hujaziba kitu, umeleta matarumbeta! Mashine inaisikia rangi ya viatu tu, inapiga kelele mkono mzima!" Akawageukia wanakamati, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Mmesikia? Mashine ni nzima! Imeonyesha kilichokuwepo!"

"Na kwa nini," akauliza mwenyekiti, akiwa amevaa miwani yake tena, "mtu anayekuja kuonyesha kovu aliziba kovu?"

Baba Mapacha alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatabasamu, haelewi kitu bado. Akalitazama tabasamu lile kwa sekunde chache za mwisho.

"Msafisheni mkono," alisema. "Mtaona wenyewe."

Alisuguliwa mpaka akahisi pasi imerudi. Mkono ukaingia majini. Tik, tik, tik. Safari hii picha ilianza kushuka taratibu kutoka juu: mishipa, myembamba na minene, imetawanyika kama vijito vilivyopigwa picha kutoka kwenye ndege. Kisha ukingo wa kovu. Na mishipa ikaingia chini ya kovu, ikapinda, ikaendelea. Mwenyekiti alisimama bila kujua amesimama. "Imerudi," alisema. "Tazameni, imerudi yote."

"Na hii je?" akauliza Bwana Panya.

Pakatokea mstari mnene, umenyooka mno kwa mshipa. Ukapata miguu miwili ya kando.

"Ke," akasoma mtu.

"I."

"De."

Hapo wasomi wazima wa chumba kile wakawa darasa la kwanza. Walisoma kwa pamoja, kwa sauti, wakiongozwa na Mama Mapacha ambaye hakuwa na habari anasoma nini, mpaka jina likasimama zima ukutani: KIDOSHO. Chini yake MILELE nayo ikashuka, imepungukiwa na kitu kimoja tu: pasi ile yote, na yowe lile lote, vilifanikiwa kuua E ya mwisho.

"Wino uko chini ya kovu, na mshipa umepita katikati ya O!" mwenyekiti alikuwa anapiga makofi. "Miaka yote hii! Pimeni kina! Pimeni kina!"

"Kidosho ndiye nani?" akauliza Bwana Panya. Kila kikao kina mtu wa namna hiyo.

"Ni wewe, Mama Mapacha," akasema Baba Mapacha haraka. "Jina nililokuwa nakuita moyoni."

Mama Mapacha akavua miwani ya chungwa. "Kovu hili ulikuja nalo siku ya kwanza kuniona."

"Ndiyo."

"Na jina liko chini ya kovu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulikuwa unaniita moyoni kabla hujanijua."

Maji ya hodhi yalitulia, mkono umo ndani.

"Mtungi wa gesi?"

"Ulikuwa pasi."

"Pasi ya nini?"

"Ya nguo."

"Na kijana uliyemwokoa?"

"Hakuwepo."

"Wale wawili?"

"Hata mmoja, mke wangu."

Wanakamati walikuwa wanachunguza viatu vyao. Mama Mapacha alikitazama kile kichwa cha mumewe kilichoinama, akatazama ukuta, akatazama kichwa tena. Mabega yakaanza kumtikisika, na hata mdogo wake hakujua ni kilio au ni kicheko mpaka kilipotoka.

"Juzi nimemsimulia mchumba wa mwanetu habari za mitungi mitatu," alisema. "Kijana wa watu akasimama kabisa, akakupa heshima! Pasi! Mtu mzima amejipiga pasi!" Akacheka mpaka akashika kiti. Halafu kicheko kikakatika ghafla kama bomba lililofungwa. "Nyumbani tutaongea."

Mume aliyewahi kuambiwa maneno hayo mawili hahitaji kufafanuliwa.

Mwenyekiti alikohoa. Kamati, alisema, haina la kujadili: chumba kinabaki na mashine, na ndugu yetu wa panya atafutiwe pengine. Ila mkono huu ni wa pekee, una kovu na wino na mishipa mahali pamoja, na wangeuhitaji kila wiki. Hawajui kama mwenyewe ataridhia.

"Karakanani kazi ni nyingi kweli—" akaanza Baba Mapacha.

"Ataridhia," akasema Mama Mapacha. "Namleta mwenyewe."

Akainuka, akalizunguka hodhi, akasimama karibu na mdogo wake aliyekuwa bado ameshikilia waya mkononi, anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja.

"Mdogo wangu, mashine hii inaona mpaka ndani kiasi gani?"

"Kwa sasa, dada? Sentimita mbili, tatu hivi."

Mama Mapacha alimtazama mumewe kifuani, upande wa kushoto, akapima kwa macho kama fundi cherehani.

"Haitoshi," alisema. "Ongeza."