Hotuba ya Umoja ya Mzee Raghava

Mzee Raghava alikuwa na duka la vitambaa Fordsburg, na mimi niliweka cherehani yangu mlangoni kwake, nikishona blauzi za sari. Kwa hiyo hotuba yake niliisikia kabla ya mtu yeyote. Niliisikia mpaka nikaikinai.

Kwao India, jimbo la wasemao Kitelugu lilikuwa limegawanywa mawili. Mwaka 2016 mambo hayo yakatufikia Johannesburg: chama cha Watelugu, ambacho yeye alikuwa mwenyekiti wake, kingepiga kura Jumapili, kibaki kimoja au kivunjwe. Yeye ni mtu wa Vijayawada, upande wa pwani. Mkewe, Mama Yadamma, anatoka Warangal, upande uliojitenga. Chama kikivunjika, mume atakaa huku na mke kule, na jambo hilo lilimnyima mzee usingizi.

"Hélène," ananiambia kwa Kiingereza huku akipima kitambaa, "mtu alifunga kula mpaka akafa ili sisi wenye lugha moja tupate jimbo moja. Mji wa Hyderabad tumeujenga wote. Mito inapita kwetu sote; ukiweka mpaka, kesho mnagombania maji. Na watoto wetu wa hapa hawajui Kitelugu hata cha kuombea chumvi. Tukigawana, nani atawafundisha?"

Nilimkubalia. Mimi ni mtu wa Kalemie, Kongo. Mwaka uliotangulia Katanga yetu ilikatwa vipande vinne, na Wakatanga wa hapa wakaanza kuulizana nani ni wa kipande gani, hata kanisani. Hoja za mzee zilikuwa nzito, sina ubishi.

Ila alikuwa na tabia moja. Mama Yadamma akifungua mdomo tu dukani kwa Kitelugu cha kwao, mzee anacheka. Analirudia neno la mkewe kwa kulivuta, na wateja wa pwani nao wanacheka. Kitelugu sikijui, lakini kicheko hicho nakijua sana. Watanzania wa hapa hunicheka hivyo hivyo nikisema Kiswahili cha kwetu, wakiambiwa wanasema ni utani. Haya, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Jumapili nilikwenda nao ukumbini Newtown, kurekebisha nguo za wasichana watakaocheza ngoma. Mzee alihutubia vizuri mno. Hata watu wa Warangal niliwaona wakiitikia kwa kichwa. Kisha akamwita mkewe aseme machache, maana wanawake wa kwao humsikiliza yeye, na alikuwa amemwahidi mumewe kwamba atautetea umoja.

Mama Yadamma akasimama, akaanza kwa Kitelugu cha kwao. Hakufika mbali. Mzee, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, akacheka. Akalirudia neno lake, kwa kulivuta. Safu za mbele zikaangua kicheko.

Eish. Nilitamani nimshone mdomo.

Mama alingoja mpaka wakamaliza. Halafu akaendelea kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti.

"Kiingereza changu mume wangu hakicheki," alisema. "Tangu anioe ananiambia lugha yetu ni moja. Naam, ni moja, lakini ni yake, mimi ananiazima tu. Na leo nilikuja kuupigia kura umoja."

Akaketi. Walipoambiwa wanaotaka chama kivunjwe wanyooshe mikono, alinyoosha, na wanawake wa Warangal wakamfuata. Chama kikavunjika. Yeye na mumewe wakarudi nyumbani kwa gari lile lile.

Jumatatu mzee aliniuliza, "Hélène, hoja zangu zilikuwa na kasoro gani?"

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye.

"Hoja hazikuwa na kasoro, Mzee. Aliyezivunja ni wewe."

Mchana Mama Yadamma akaja na chakula, akamkuta dukani mteja wa kwao, wakazungumza Kitelugu chao kwa raha zao. Mzee alikuwa akikunja vitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka. Mteja alipoondoka, akamsemesha mkewe kwa Kitelugu, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Mama akamjibu kwa Kiingereza kwamba chakula kinapoa.