Meno Thelathini na Manne

Fundi alikuwa na goti bovu na mdomo mzima, na kati ya hivyo viwili ni goti lililompeleka kwa daktari. Mdomo ulikuwa haujamuuma bado.

Kwa miaka kumi na minane alitengeneza baiskeli katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha Kinyozi, kaka wa mke wake. Ukutani, nje, aliandika kwa rangi nyekundu: HATUFUNGI GIA ZA WAVIVU. Gia ya mvivu, kwa Fundi, ni ile kubwa ya gurudumu la nyuma, yenye meno mengi, inayomwezesha mtu kupanda mlima amekaa kitako, miguu ikizunguka kama anayeshona kwa cherehani. Yeye mlima aliupanda kwa gia ya meno ishirini na matatu, amesimama juu ya pedali, mishipa ya shingo imemtoka. "Meno ishirini na matatu yanamtosha mtu mzima," alikuwa akisema, na aliyekuja na maoni tofauti alirudi nyumbani na baiskeli yake vilevile, ila yeye mwenyewe na jina jipya la utani.

Kila Jumamosi asubuhi watu wanne walipanda mlima wenye mnara wa simu: Fundi, Kinyozi, Mama Mikate mwenye tanuri mtaa wa pili, na Mwalimu, mstaafu wa miaka sabini aliyefundisha hesabu mpaka chaki ikamwingia kwenye mapafu. Fundi alikuwa mbele, siku zote. Akifika juu alikaa kwenye jiwe, saa mkononi, akiwangoja wenzake ili awatajie dakika walizochelewa. Hakuna kitu duniani alichokipenda kuliko asubuhi hiyo. Mke wake alilijua hilo na wala hakuona wivu, maana Jumamosi ndiyo siku pekee nyumba ilipumua.

Daktari alilibonyeza goti huku na huku, akauliza anapanda mlima kwa gia gani. Fundi akamtajia meno ishirini na matatu kwa sauti ya mtu anayetaja cheo chake.

"Ndiyo yanayokumaliza," daktari alisema. "Funga gia nyepesi, au achana na mlima. Vinginevyo mwakani utaingia hapa na mkongojo."

Nyumbani alimkuta mke wake kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni.

"Kasemaje?"

"Kasema nipumzike."

Mke akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake bila haraka. "Baba Watoto, nakujua. Kasemaje?"

Ikabidi aseme yote. Mke wake hakucheka, na hilo lilimkata maini kuliko kicheko.

"Si ufunge tu hiyo gia?"

"Halafu uso wangu niuweke wapi?"

"Uache hapohapo ulipo. Wewe unapanda mlima kwa miguu, si kwa uso."

Siku mbili Fundi hakulala vizuri. Kuacha mlima hakuwezi, na kuchekwa hakuwezi zaidi. Mwishowe akapata njia ya tatu, ambayo ndiyo njia ya waoga wote: kufunga gia na kuificha. Dukani kwake hazikuwepo, kwa sababu zilizoandikwa ukutani. Alhamisi akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akavuka daraja hadi duka la vipuri la ng'ambo ya mto, akaagiza kwa sauti ya chini seti ya gia ambayo kubwa yake ina meno thelathini na manne, na cheni ndefu ya kuizunguka.

"Ni ya nani?" aliuliza muuzaji.

"Ya mama mkwe."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Mama wakwe wa upande wenu wanaipenda milima kwelikweli."

Fundi hakuelewa, lakini mtu anayejificha haulizi maswali. Akachukua mzigo wake, akaondoka.

Ijumaa alifunga mlango nusu, akaifunga ile gia, akaipaka grisi chafu ili isimetemete. Kazi ilitoka safi, na moyoni akajisifu kidogo kabla hajakumbuka kwamba anapaswa kuona aibu. Hapo ndipo akaona dosari ya mpango wake: anayetangulia ndiye anayeonekana nyuma. Miaka yote alipanda na macho sita mgongoni. Kesho, liwe liwalo, lazima awe wa mwisho.

Jumamosi wakakutana chini ya mlima. Fundi akaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta, gia zikitazama matofali, akainama kufunga kamba za viatu. "Tangulieni, nawakuta."

Hakuna aliyetangulia. Mwalimu naye aliinama kwenye kamba zake. Mama Mikate akapiga goti kwenye za kwake. Kinyozi, ambaye viatu vyake havikuwa na kamba, alianza kuyachunguza matairi kwa umakini wa mtu aliyeyaona leo. Hivyo ndivyo walivyofanya kila wiki, na kila wiki Fundi aliwaita wazembe na kuondoka. Leo hakuondoka. Kamba zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Watu wazima wanne walikaa namna hiyo kando ya barabara mpaka mama mmoja aliyepita akawauliza kama wamepoteza kitu.

"Nimesahau pampu," Fundi alisema hatimaye, akaikokota baiskeli kuelekea dukani. Alipochungulia kwenye kona, wote watatu walikuwa wameshapanda na kutoweka haraka ajabu.

Akawafuata. Kona ya kwanza akaipanda kwa meno yake ya zamani, amesimama, kufa kiume. Kona ya pili goti likamchoma kama sindano ya moto. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasukuma kitufe cha gia kwa kidole. Cheni ikapanda kwenye ile gia kubwa.

Ndugu yangu, Fundi nusura aangue kilio. Mlima uleule aliopigana nao miaka kumi na minane ulikuwa kama umeinamishwa kidogo kwa ajili yake. Alikaa kitako, akapumua kwa pua, akaona maua kando ya barabara ambayo hakuwahi kujua yapo. Goti lilinyamaza. Akasahau hata kujificha, na kwa kusahau huko akawafikia wenzake mapema kuliko alivyopanga.

Alikuwa hajawahi kuwaona kwa nyuma. Sasa magurudumu matatu yalikuwa mbele yake, na katikati ya kila moja gia imekaa, pana kama sahani.

Macho yakamtoka pima. Kumbe hawa ndio mama wakwe wa yule muuzaji! Kila mmoja alipeleka gurudumu moja dukani kwa Fundi kwa ukaguzi na kupanda mlima kwa jingine. Ndipo alipoelewa kwa nini hawakutangulia kamwe, na kwa nini wakifika juu walizilaza baiskeli kwenye majani upande wa gia. Miaka mingapi amewapigia kelele kwamba baiskeli hailazwi upande wa gia, mkono wa gia utapinda? Akawaona vichwa vigumu, kumbe walikuwa wanafunika ushahidi.

Badala ya kufurahi, alipandwa na hasira. Amesalitiwa. Tena gia ya Kinyozi ilikuwa inakwaruza, imefungwa ovyo, na mtu wa ng'ambo ya mto. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi. Akawaacha wafike, akafika baada yao, akashuka, akailaza baiskeli yake majanini na kusimama mbele yao mikono kiunoni.

"Hamna haya," alianza. "Watu niliowaamini. Nimewatengenezea baiskeli kwa mikono yangu, nanyi mnakwenda kwa siri kufungiwa gia za..."

"Fundi," Mama Mikate alimkatiza, kwa upole kabisa. "Baiskeli hailazwi upande wa gia."

Upepo ukapiga mnara wa simu. Kinyozi akaenda, akaigeuza baiskeli ya shemeji yake, akaikodolea macho. Mwalimu akapiga magoti, akatoa kalamu mfukoni, akahesabu jino moja moja bila haraka, kwa sauti, na Fundi akasimama hapo kama anayesomewa hukumu.

"Thelathini na manne," Mwalimu alisema.

"Yangu thelathini na mawili," Mama Mikate alisema polepole.

"Thelathini," Kinyozi alisema.

"Ishirini na manane," Mwalimu alimalizia, na mzee wa miaka sabini akainua kidevu.

Wakacheka. Mama Mikate alikaa chini kabisa. Kinyozi alijaribu kusema, "Kwa hiyo, shemeji, katika mlima huu mzima, mvivu kuliko wote..." akashindwa kufika mwisho. Majina yote ya utani aliyowahi kuwapa watu yakarudi kwake siku ile, mengine mawili kwa mpigo. Masikio ya Fundi yaliwaka.

Kicheko kilipopungua, Mwalimu akafuta macho. "Tulikuwa tunakuogopa, Fundi," alisema, na hapo hakuwa anatania. "Mimi miaka mitano. Kila Ijumaa usiku nilikuwa nabadilisha gurudumu chumbani, mke wangu kanishikia taa."

Fundi akaona aibu, aibu ya kweli sasa, si ya gia. Akilini alimwona mzee yule sakafuni na spana, akihangaika na kazi ambayo yeye angeimaliza kwa dakika kumi, kisa ulimi wake.

Mama Mikate alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anamtazama usoni, na wasiwasi umemwingia. "Umekasirika? Jumamosi ijayo hutakuja?"

Fundi alikunja goti, akalikunjua. Halikuuma. Akawatazama watu watatu ambao kwa miaka mingi walimdanganya kila wiki ili tu waendelee kupanda naye.

"Nitakuja," alisema. "Ila Jumatatu leteni hayo magurudumu dukani, yale ya kweli. Mliyemwachia kazi aliwaharibia."

"Mchana, watu wakiona?" Kinyozi aliuliza.

"Mchana," alisema Fundi. "Na mwanze na langu. Mwalimu atahesabu, mtu yeyote anayepita asikie."