Glasi Zimerudije

Jikoni waliniita Profesa, na jina hilo nililipokea bila kubisha. Nilikuwa mhudumu pekee aliyeweza kusimama mbele ya meza ya watu sita na kusema, bila kupepesa macho, kwamba mvinyo huu mwekundu wa Kifaransa una harufu ya zambarau na ngozi kuukuu. Maneno hayo niliyakariri kutoka nyuma ya chupa. Mvinyo wenyewe sikuwahi kuugusa, kwa sababu nilimwapia mama yangu nikiwa kijana, na mama yangu si mtu wa kuchezewa.

Basi Bosi akatangaza kwamba anatafuta mkuu wa mvinyo: koti jeusi, funguo za stoo ya chupa, na kuachana na kubeba sahani. Nililitaka lile koti mpaka nikaona haya. Mtihani ulikuwa mmoja tu: kutaja chakula kinachoendana na mvinyo mpya ulioletwa kutoka Ufaransa, mbele ya Bosi na bwana aliyeuleta.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye sinki. Hapo ndipo alipokuwa Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale kazini, akiosha vyombo vyetu mwaka wa kumi na moja.

"Shikamoo, Shangazi. Hivi ule mwekundu mkali, watu wanauweza na nini?"

"Marahaba. Ukienda na samaki wa limau, glasi zinarudi zimejaa. Ukienda na mbavu za kondoo, glasi zinarudi kavu na mifupa imefyonzwa. Palipo na mafuta unapita wenyewe." Hakugeuka hata kuniangalia. "Haya, niletee hizo sufuria."

Siku ya mtihani nilizisifia mbavu za kondoo dakika nne nzima. Nilisema ukali ule unaokausha ulimi unahitaji mafuta ya kuutuliza. Nikaizungusha glasi, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Bwana wa mvinyo akaandika kitu kwenye daftari, na Bosi alikuwa ameshalishika koti mkononi.

"Safi sana," bwana akasema. "Sasa onja, utuambie kama uko tayari kwa wageni."

Hilo sikulipanga. Kukataa ni kulipoteza koti, kunywa ni kumkosea mama. Nilimkosea mama. Nikapiga funda kubwa kama mtu anayemeza dawa, ulimi ukakauka, mashavu yakagandana, na mdomo ukasema wenyewe:

"Bosi, huu umeharibika! Tumeuziwa mbovu!"

Bwana alicheka mpaka akatafuta kiti. Mvinyo ulikuwa mzima kabisa, ndivyo ulivyo. Bosi hakucheka.

"Profesa, wewe umewahi kuonja mvinyo?"

"Hapana, Bosi."

"Na hizo mbavu umezitoa wapi?"

Nikaonyesha mlango wa jikoni kwa kidevu.

Shangazi aliitwa, akaingia akijifuta mikono kwenye aproni, akaeleza habari za glasi kwa maneno machache. Hakuonja wala hakuzungusha kitu. Alipomaliza, Bosi alimvika koti yeye. Lilimkaa vizuri kuliko ambavyo lingenikaa mimi, na hilo liliniuma kuliko kile kicheko. Sinki likabaki halina mtu, na Bosi akanigeukia.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Shangazi anapita meza kwa meza, funguo kiunoni, na wageni wanamwamkia. Mimi vidole vimenywea kwa maji, lakini najua mambo. Jibini gumu linaumaliza mvinyo, pilipili inaurudisha, na wale wa meza ya nne wanajifanya tu. Taabu ya ukumbini ni kwamba glasi huzioni zikirudi.

Jana Shangazi alipenya mlango wa jikoni, koti limepigwa pasi, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu," akanong'ona, "zimerudije?"

Nikainua glasi moja kwenye mwanga, nikaizungusha taratibu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua ninachotaka kusema, na sikuwa na haraka ya kukisema.