Wageni wa Ngazini

Kaluki alisema akiwa anakunja nepi, bila kuniangalia: "Mama, huyu mtoto simsikii moyoni. Namnyonyesha tu kama mtu anayefanya kibarua."

Mimi nimezaa watano; nilichukua nepi nyingine nikakunja. Mtoto alikuwa na wiki tatu na alikuwa hatulalishi. Ngui, mume wa Kaluki, huendesha lori la Mombasa, kwa hivyo nilitoka Machakos kuja kwake Komarock kusaidia. Kusaidia gani? Nikimbeba mtoto, Kaluki anasema simshiki vizuri. Nikimrudishia, anamtazama kama mzigo wa jirani alioachiwa auangalie. Nilichoka naye, nikamwonea huruma, kisha nikachoka tena.

Jumamosi mchana mtoto alinyamaza, na Kaluki akalala kwenye kochi, mdomo wazi. Nilinyata. Hata sufuria sikugusa.

Ndipo nikasikia nyimbo kutoka getini.

Akina mama wa kanisa! Walipanda ngazi kwa vigelegele, wamejifunga leso za rangi moja, kila mmoja na thamosi yake ya uji. Desturi hiyo naijua: mzazi sharti anywe kikombe kutoka kila thamosi, mbele ya macho yao, na kila mdomo umpe ushauri. Na mgeni aliyekuja kuona mtoto harudishwi. Sijawahi kuona akirudishwa.

Nilimchukua mtoto kitandani, nikatoka naye, nikavuta mlango nyuma yangu.

"Shosho!" Mama Shirleen, mwenyekiti wao, aliniita, mimi bibi wa mtoto, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Mbona unatufungia? Tumeleta uji wa wimbi!"

"Mzazi amelala."

"Tutamwamsha na wimbo."

"Ukimwamsha, Mama Shirleen, utanyonyesha wewe."

Wenzake wakaangua kicheko. "Shosho leo ni mkali! Sasa mtoto tutamwonea wapi?"

"Hapa hapa. Kaeni."

Mama Shirleen alitandika leso akaketi, akinung'unika kwamba tangu aolewe hajawahi kupokewa kama mchuuzi wa sufuria. Wengine wakafuata, wakajaza ngazi hadi chini, wakajimiminia uji wenyewe. Jirani aliyepita na mtungi wa gesi alipewa kikombe ili asilalamike. Ni mmoja wao tu, Nzembi, ambaye hakuomba kumbeba mtoto. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nepi chafu ziko wapi?" Nikamwonyesha beseni lililokuwa kando ya mlango, akashuka nalo hadi kwenye bomba. Mungu ambariki.

Mtoto akapitishwa mkono kwa mkono. Kila aliyempokea alimwombea, kisha akamkosoa: kichwa kirefu, masikio ni ya Ngui kabisa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Kaluki alisimama pale miguu peku, nywele timutimu.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko na..."

"Mama, kitanda ni kitupu! Yuko wapi?"

Akawaona. Akashuka akiruka mapaja na thamosi. Uji ulimwagikia leso ya mtu na hakuomba msamaha. Alimkuta mikononi mwa Mama Shirleen, akamnyakua, akamnusa shingo, akampapasa kichwa hadi miguu.

"Mnampitisha kama kapu la sadaka! Na upepo wote huu! Nani amemvua kofia? Nimeuliza, nani?"

Mama Shirleen, ambaye hujibu kila kitu, alichungulia kikombe chake. Kofia ilikuwa pajani mwake.

"Na wewe, Mama!" Alinitazama juu, machozi yakimtoka. "Mtoto wangu hatoki kwa hii nyumba bila mimi kujua. Umesikia? Ni wangu!"

"Nimesikia, mwanangu."

Akaketi pale pale katikati yao, akaanza kunyonyesha huku bado anatugombeza. Wanawake wakasogea karibu, wakainua leso zao kumkinga upepo. Nami nilisimama juu ya ngazi, nikifokewa mbele ya kanisa zima na mtoto niliyemzaa mwenyewe, na nilitamani asinyamaze upesi.