Bahari ya Mzee Gidahosh

Bahari ilipoingia alasiri, Loveness alikuwa ameinama kando ya lambo la Mzee Gidahosh, nje kidogo ya Katesh, akisuuza wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua. Alikunja suruali hadi magotini, akasubiri mawimbi yatulie.

Yeye ni mtaalamu wa maabara aliyehamishwa kutoka Mbeya. Makao makuu ya mradi yalimpa kazi ya kupima zebaki katika vijimea vya baharini, vile visivyoonekana kwa macho, na kituo kikaandikwa Hanang, bara kabisa, kusiko na bahari. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha bosi aliyesaini. Bahari yenyewe ndiyo iliyoona aibu, ikaja. Hujaa alasiri, hupwa jioni, na mara moja kijito hulijaza lambo tena maji yake ya kawaida. Ng'ombe wa Gidahosh hulamba chumvi ukingoni, hawaswagwi tena hadi kwenye magadi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tatizo lilikuwa majibu ya vipimo. Kijito hicho hupita kwanza kwa wachenjuaji wanaokamatia dhahabu kwa zebaki, na vijimea vilijaa zebaki ya aina ile inayopenya kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Helena, mkaza mwana wa Gidahosh, ana mimba ya miezi minane na huteka maji hapo. Loveness aliogopa sana, akamwita mkubwa wake.

Mkubwa huyo, Godlisten, alikuja na gari la mradi. Alivua viatu, akaingia mawimbini, akaonja kwa kidole.

"Hii ni bahari kweli," alisema. "Na bahari hainywewi. Hamna hatari."

"Jioni ikishapwa wanakunywa, bosi."

"Ikishapwa siyo bahari. Hiyo ni kazi ya watu wa maji."

Watu wa maji nao walifika alasiri nyingine, bahari ikiwa imejaa, wakasema maji ya chumvi hayawahusu. Waliondoka na pweza mmoja.

Jioni, bahari ilipopwa, Helena alikuja na ndoo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Helena, haya maji usinywe. Yatamdhuru mtoto."

"Sawa, dada. Ninywe yapi?"

Loveness alitazama huku na huku. Kulikuwa na mlima, vumbi na ng'ombe. Helena alisubiri kwa heshima, kisha akajaribu kuinama, tumbo likamzuia.

"Lete nikusaidie," Loveness alisema, akaichukua ndoo, akamtekea.