Mjane wa Zunilda

Nolfa Chiguay aliondoka asubuhi kwenda mjini Castro kubadilisha kitambulisho, akiwa mjane. Jioni alirudi kijijini akiwa mwanamke ambaye hajaolewa. Serikali ndiyo iliyosema hivyo, kwa mdomo wa dada mmoja wa dirishani ambaye hata hakumtazama usoni.

"Mngefunga ndoa ungeandikwa mjane, mama," yule dada alimweleza. "Lakini nyinyi mlikuwa na mkataba wa kuishi pamoja. Mwenzako akifariki, mkataba unakwisha, na wewe unarudi ulivyokuwa kabla."

"Kabla ya mkataba nilikuwa na meno yangu yote," Nolfa akasema. "Nayo yanarudi?"

Watu kwenye foleni walicheka. Yeye hakucheka. Yeye na Zunilda Cárcamo wangefunga ndoa kama wangeruhusiwa, lakini ndoa ya wanawake wawili ilikuwa bado inabishaniwa huko Santiago, mji mkuu. Walichopewa ni mkataba, nao wakaupokea kwa mikono miwili: walishona nguo mpya, wakachinja kondoo, wakatia saini mbele ya msajili, wakaambiwa sasa wana haki zao. Hakuna aliyewaambia kwamba mmoja akifa, yule mwingine hataruhusiwa hata kuitwa aliyefiwa. Hilo lilimuuma Nolfa kuliko mazishi yenyewe, na hakuona haya kulisema.

Habari ilimfikia Heriberto, kaka wa Zunilda, kabla Nolfa hajavua viatu. Heriberto ndiye aliyerithi shamba la baba yao, na nyumba ya wanawake wale wawili ilisimama pembeni mwa shamba hilo. Alikuja akasimama mlangoni.

"Nasikia wewe si mtu wa Zunilda tena," alisema. "Ungekuwa mke wa ndoa, ningenyamaza. Ule mkataba wenu ulikuwa kama wa kukodi trekta, na muda wake umekwisha. Shamba ni langu."

"Shamba ni lako, sikatai. Na nyumba tuliyoijenga?"

"Ibebe uende nayo," akasema, akaondoka anacheka.

Angejua, asingecheka. Kule Chiloé, kisiwa chao, nyumba ni za mbao, na anayetaka kuhama anaweza kuhama na nyumba yake. Inapandishwa juu ya magogo, inafungwa kwa maksai, majirani wanaivuta. Hiyo ndiyo minga. Halipwi mtu, wanalishwa tu. Ila mwenye haja lazima apite mwenyewe mlango kwa mlango, aseme yeye ni nani na anaomba nini, na mtu akishaombwa hivyo, kukataa ni aibu.

Nolfa alikuwa na kiwanja kidogo alichoachiwa na mama yake, ng'ambo ya kilima. Akaanza kupita. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Mimi Nolfa, mjane wa Zunilda Cárcamo, naomba mnivutie nyumba." Wapo waliomkumbatia, wapo waliotazama chini. Mzee Arsenio, mwenye maksai wengi, alijikuna kidevu.

"Mjane? Mbona Heriberto anasema serikali imekufuta?"

"Serikali ilikuwepo Zunilda alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani?"

"Haikuwepo."

"Basi isiniambie mimi nilikuwa nani wake."

"Mimi nakushauri tu, mama. Sema 'naomba, mimi Nolfa', basi. Hilo neno la mjane liache, watu watakuja wengi zaidi."

"Wakija kumvutia Nolfa tu, nyumba ibaki ilipo."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Zunilda alikipenda hivyohivyo."

Siku ya minga watu walikuja, ingawa si wote. Chaza, nyama na viazi vilikuwa vinaiva shimoni juu ya mawe ya moto. Nyumba iliondoka polepole, mapazia yakiwa bado madirishani, ikavuka malisho vizuri kabisa. Ilipoanza kupanda kilima ikazama kwenye tope. Maksai walivuta hadi wakapiga magoti. Walipojaribu tena, kamba ikakatika.

"Tumepungukiwa jozi moja," alisema Mzee Arsenio, na wote wakageuka kutazama uzio. Heriberto alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, mikono kifuani. Maksai wake wekundu walikuwa na nguvu kuliko wote, na mlango wake ndio pekee ambao Nolfa aliuruka.

Nolfa akamfuata, tope likimfika magotini. Heriberto akikataa, nyumba itabaki pale katikati ya njia, kila mpitaji aione na kusema aliyataka mwenyewe.

"Heriberto, mimi mjane wa dada yako, naomba maksai wako."

Heriberto alishusha mikono. "Kwa ajili ya marehemu dada yangu, nitawaleta."

Ilikuwa njia rahisi, na watu nyuma walishusha pumzi. Nolfa akatikisa kichwa.

"Marehemu hakuombi kitu. Nakuomba mimi. Ukiwaleta, unamletea mjane wake. Kama huwezi, waache walipo, na mimi nitalala kwenye nyumba yangu humuhumu topeni."

"Yaani hata kusaidiwa unachagua?"

"Nachagua."

Heriberto aliwatazama watu, na watu wakamtazama. Akageuka, akaenda zake. Nolfa alibaki ameushika uzio. Kilio kilimjia, akakikatalia.

Walianza kusikia kengele za maksai kabla ya kuwaona. Heriberto aliwaleta hadi kwenye kamba iliyofungwa upya, akiinamisha macho.

"Niwafunge wapi, shemeji?"

Hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ile walipochinja kondoo. Nolfa alijifuta uso kwa mkono wenye tope.

"Mbele kabisa," akasema. "Watu wote wakuone."