Willy na Maji ya Mutambala

Mji mzima wa Baraka ulishahukumu: Willy alilewa. Watu hawa! Gari likimshinda mtu kwenye mteremko wa Fizi, jibu lao liko mdomoni tayari. Rosette, mjane wake, hakubishana na mtu. Alijifunga kitambaa cheusi akaenda gereji kwa Élie, fundi aliyelivuta gari lile kutoka bondeni.

"Fundi, uniambie kweli. Bwana yangu alilewa?"

Élie alimpa kiti, kisha akamwekea mbele pedi ya breki aliyoifungua. Vipande vya chuma vilikuwa vimeganda juu yake, vinang'aa kama magamba ya samaki.

"Hapana, mama. Angalia. Hii chuma ilitoka ku disiki, ile inazungukaka na gurudumu. Freni ikiwa moto sana, ukaitia mu maji, disiki inabanduka kidogo kidogo. Bipande binaganda mu pedi, chuma inaanza kukwaruza chuma. Siku moja unakanyaga, freni inakataa."

Rosette alishusha pumzi. Hakulewa! Angeyasema sokoni, angeyasema kanisani, na mama mkwe angeyasikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Sasa ile maji ilitoka wapi? Mvua haiko."

"Mu muto Mutambala. Bashofere benzake banasema akishuka Fizi hakuwa anangoja freni ipoe. Anaingiza gari mu muto palepale, anaisafisha. Banamuchekaka: Willy, haraka ya nini?"

Rosette alijua haraka ya nini. Mwaka waliooana, Willy alifika nyumbani na gari jekundu kwa vumbi, akamwita wakatembee. Yeye akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akamtania: "Mi sipandake gari ya vumbi." Walicheka sana siku ile. Tangu hapo Willy hakuwahi kufika na vumbi. Alipiga honi uani, gari likichuruzika maji, na Rosette akatoka mbio na kitenge chake kizuri, akihakikisha majirani wanamwona.

Alifunga pedi ile kwenye pindo la kitenge, akatoka.

Njiani jirani yake Clarisse alimsimamisha. "Dada, fundi anasema nini? Alilewa?"

"Hakulewa," Rosette akasema, machozi yakimtoka waziwazi barabarani. "Alikuwa ananisafishia gari."